Ugali wa Alfajiri

Siku chache baada ya kumzika mama, niliamshwa na harufu ya ugali wa ulezi. Nilikuwa nimelala sebuleni, chini kwenye mkeka, katikati ya ndugu waliokuja msibani, na nje bado kulikuwa giza. Baridi ya Sumbawanga ilikuwa imepita chini ya mlango na kunishika miguu. Sikusogea. Kwa muda mfupi, kabla akili haijakaa sawa, nilijua kabisa kwamba mama yuko jikoni, amejifunga kanga kiunoni, anasonga. Halafu nikakumbuka tulikomwacha. Harufu ikaendelea kuja vilevile.

Makaburini sikulia. Watu waliniangalia wakaona nimekuwa jasiri, na mimi sikuwakatalia. Asubuhi ile ndani ya blanketi nililia bila sauti mpaka nikatosheka.

Aliyekulia kwetu atanielewa haraka. Asubuhi ni uji. Ugali ni wa mchana kwa aliyejaliwa, na wa jioni kwa kila mtu. Ukipika ugali kabla jua halijatoka, majirani watakuja kuuliza kama kuna safari au kuna mgonjwa. Lakini katika nyumba yetu pale Kizwite tulikula ugali alfajiri kwa sehemu kubwa ya utoto wangu, na sababu yake ilikuwa dada yangu Selina.

Selina alinitangulia kwa umri wa kutosha kunibeba mgongoni. Alikuwa mtu wa haraka. Aliweza kunisuka nywele huku anachambua maharage kwa jicho moja na kubishana na mtoto wa jirani juu ya ua, na vyote vitatu vikaisha salama. Siku alipoanguka tulikuwa tunatoka shambani, mimi na yeye tumekaa juu ya magunia ya mahindi kwenye mkokoteni, baba akitembea mbele na ng'ombe. Barabara inapoteremka kwenda kwenye kidaraja, gurudumu moja liliingia kwenye korongo. Mimi nilishika kamba. Selina hakushika kitu, kwa sababu alikuwa ananionyesha kitu kwa mikono yote miwili. Sikumbuki tena kilikuwa nini. Hakutoka damu nyingi. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kuanguka hivyo, kichwa kikagonga jiwe, na damu itoke kidogo tu, kisha asiamke.

Alilala hospitali muda mrefu. Mimi sikuruhusiwa kwenda. Aliporudi nyumbani watu walijaa uani, wakamshukuru Mungu, mama akapika wali. Jioni ile ile nikaona kwamba kuna jambo. Selina alianza kuvaa sweta, akaingiza mkono mmoja, kisha akakaa hivyo kitandani, sweta likining'inia, anaangalia ukuta. Nilimsubiri amalize. Hakumaliza. Mama alikuja akamwingiza mkono wa pili kana kwamba anamvika mtoto mchanga.

Kila kitu kikawa hivyo. Akienda bombani tulimkuta amesimama, ndoo imejaa na kumwagika mpaka miguuni. Akianza kuosha vyombo, sahani moja ingeoshwa mpaka tumwondoe. Alipita karibu na mafiga kanga yake ikashika moto, naye akauangalia moto ule kama wa mtu mwingine, mpaka mama akaurukia kwa mikono. Tangu siku hiyo alikatazwa kukaribia jiko. Mwalimu mkuu hakumkataa shuleni, lakini alimwambia baba kwa upole kwamba darasa lina watoto wengi, na mwalimu hawezi kumpeleka mmoja chooni na kumvalisha viatu. Ajitegemee kwanza, alisema, kisha alete daftari.

Watu wazima wakawa wanasema mbele yangu kwamba Selina aliyerudi siye. Selina yule, walisema, hayupo tena. Nilikuwa katika umri wa kusadiki kila neno la mkubwa. Nikajiuliza, kama hayupo, yuko wapi? Jibu nililipata mwenyewe, wala halikunisumbua. Alikuwa amebaki pale kwenye kidaraja. Tulipomnyanyua tulinyanyua haraka mno, na sehemu yake nyingine hatukuichukua.

Baba na mama walimpeleka Mbeya, kwenye hospitali kubwa. Walirudi na vidonge vidogo vyeupe ambavyo kwenye maduka ya dawa ya kwetu havikupatikana. Mama alivitia kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Daktari, ambaye mama alisema ni mwanamke kijana sana, alikuwa amewaeleza kwamba dawa ile haileti akili mpya. Inamsaidia mtoto aliyeumia ubongo kuanza jambo, kulishika na kulimaliza. Mazoezi ya kila siku ni kazi ya nyumbani. Kimoja kwa siku, asubuhi, baada ya kula.

Mama aliyashika maneno yote hayo, ila aliyapima kwa maisha yetu. Aliona dawa kali namna ile haiwezi kuwekwa juu ya uji. Uji ni maji, alisema, dawa italitoboa tumbo. Tumbo la mtoto linashiba jioni, baada ya ugali. Kwa hiyo akampa jioni.

Tulilala kitanda kimoja, mimi na Selina, ndiyo maana najua yaliyofuata. Hakulala. Alipanga na kupangua nguo zetu, akafuta dirisha, akaniuliza maswali ambayo mchana hakuwa na nguvu ya kuyauliza. Kukikucha alikuwa amechoka kama mtu aliyelima, na mchana kutwa alikuwa mbaya kuliko kabla ya dawa. Alianguka usingizi na kijiko mdomoni. Baba alivumilia, kisha akasema dawa imemharibu mtoto.

Hapo ndipo aliposema habari za Shangazi Yustina. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikaa Kaengesa karibu na misheni, na alikuwa na uwanja mpana na nyumba tulivu. Alikuwa amejitolea kumchukua Selina moja kwa moja. Hatasumbuliwa na shule wala kazi. Atakaa barazani na kufukuza kuku kwenye ulezi ulioanikwa, basi. Shangazi hakuwa mtu mbaya, na baba hakuwa mtu mbaya. Walitaka apumzike. Lakini mama alisikia kitu kingine katika neno hilo. Nilimwona ameacha kuchambua mboga.

"Apumzike mpaka lini, Baba Selina?" aliuliza.

Mama akaomba apewe muda mpaka ulezi uvunwe. Kama ulezi utaingia ghalani na mtoto bado hajiwezi, shangazi aje amchukue, na yeye hatasema neno. Baba akakubali. Ulezi ulikuwa ndiyo kwanza umeota.

Ilipofika tarehe yao ya kurudi Mbeya, mama alikwenda peke yake na Selina. Kilichotokea kule alikisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, akijicheka. Daktari alimsikiliza habari za kutolala, akatazama karatasi zake, kisha akauliza dawa wanampa saa ngapi.

"Jioni, daktari. Akishashiba."

"Asubuhi hashibi?"

"Asubuhi anakunywa uji tu."

Daktari yule, mama alisema, alivua miwani yake na kuifuta ingawa haikuwa na vumbi. Akamweleza tena, taratibu, kwamba dawa inamwamsha mtu, na anayeamshwa jioni atakesha. Ampe asubuhi, na uji unatosha kabisa. Mama akaitikia. Alimheshimu sana daktari, na la asubuhi alilichukua lote. La uji hakulichukua.

Kuanzia siku waliyorudi, mama aliamka kabla ya jogoo, akawasha moto, akasonga ugali wa ulezi, mweusi na mzito, wa kuliwa na maharage ya jana. Selina alikula mpaka akashiba, kisha akapewa kidonge. Na kwa kuwa mama hakupika chakula cha mtu mmoja, tulikula sote. Baba alilalamika wiki za kwanza kwamba tumbo lake bado limelala. Baadaye akawa ndiye anayeuliza kama maharage yametosha.

Watoto wa mtaa walitupata hapo. Rukia, ambaye baba yake alikuwa na duka upande wa Katandala na tulisoma darasa moja, alipita nyumbani asubuhi akatukuta tunanawa mikono. Shuleni akatangaza. "Hawa kwao hawajui asubuhi wala jioni," alisema. "Usiku watapiga mswaki waende shule." Nilimkimbiza uwanja mzima. Nilipomweleza mama, alisema nimwalike Rukia siku moja aje kula. Nilimwalika. Alikula sana. Mzaha ukaendelea, ila sasa alikuwa anautaja akiwa na njaa.

Kidonge peke yake hakikuvaa sweta. Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nilitegemea miujiza na miujiza haikuja. Kilichokuja ni benchi. Mama aliweka benchi refu ukutani, na juu yake akapanga vitu kwa mstari kama vinavyofuatana asubuhi: ndoo na sabuni, taulo, gauni, sweta, soksi, viatu, mwishoni mfuko wa daftari, ingawa shuleni alikuwa bado hajarudi. Selina alianza upande wa mlango na kwenda akitaja. Ndoo. Sabuni. Taulo. Alipokwama, mama hakumshika. Alisimama tu na kuuliza, "Kinafuata nini?" Wakati mwingine swali hilo lilichukua muda mrefu hadi mimi nikataka kupiga kelele. Mama alikuwa na kazi nyingi zikimngoja, lakini alisimama pale kama mtu asiye na pa kwenda.

Mvua zilipokaribia mwisho tulikwenda shambani kutengeneza ntumba. Hayo ni matuta ya duara tunayolima kwetu: unafyeka majani, unayakusanya rundo, unayafunika kwa udongo uliogeuzwa, yaozee ndani mpaka msimu mwingine. Mama alimpa Selina mstari wake. Asubuhi aliufanya vizuri, na nilimsikia akitaja kama kwenye benchi, fyeka, kusanya, funika. Jua lilipofika juu kichwani, sauti ikakatika. Ungeweza kutazama mstari ule na kuona dawa ilipoishia. Matuta yalikuja mviringo, safi, kisha moja limefunikwa nusu, kisha rundo la majani tupu, na Selina amekaa kando yake, jembe mapajani, macho mbali.

Mchana huo hakutaka kula. Kila mchana ilikuwa hivyo tangu aanze dawa ya asubuhi. Alisukuma sahani. Daktari alikuwa amesema dawa inaondoa hamu ya chakula, lakini mimi sikuambiwa. Nilikuwa na hesabu zangu. Asubuhi kidonge kinakwenda kumchukua Selina wa kidarajani na kumleta. Mchana nguvu zinaisha na yeye anarudi kule. Hali chakula kwa sababu hayupo. Kwa hiyo mwenye njaa yuko kidarajani, na hakuna anayempelekea.

Nikachukua kipande cha ugali wa asubuhi, nikakitia kwenye mfuko wa rambo, nikaondoka wakati wakubwa wamejilaza kivulini. Kidaraja hakikuwa mbali na shamba. Nilisimama juu ya lile jiwe. Maji yalikuwa machache, na kulikuwa na ndege wawili wanaooga. Nikaanza kuita. Nilimwambia arudi jumla, asiwe anakwenda na kurudi, kwa sababu ulezi umeshaanza kupasua vichwa na shangazi atakuja. Nilimwambia nimemletea chakula. Nikaita tena, kwa sauti zaidi.

"Nipo," Selina akajibu.

Sauti ilitoka nyuma yangu. Alikuwa amesimama barabarani, jembe bado mkononi, anahema. Nyuma yake mama alikuwa anakuja mbio. Selina alikuwa ameniona nikiondoka, akanifuata, na katika saa ile ya mchana ambayo hakuweza kumaliza tuta moja alikuwa ameimaliza safari yote ile. Nilimtazama, nikatazama majini, nikachanganyikiwa. Yeye akanyoosha mkono akachukua mfuko, akakaa juu ya jiwe lile lile na kuanza kula.

Mama alitaka kunichapa, nilimwona. Badala yake akauliza nilikuwa namwita nani. Nikamweleza yote, kidonge, kidaraja na njaa. Alikaa chini kando ya Selina.

"Dada yako hakubaki popote," alisema. "Ni huyu huyu. Asubuhi ni yeye, na sasa hivi ni yeye, ila amechoka. Wewe ukichoka unakuwa mtoto wa nani?"

"Wako," nilisema.

"Haya."

Tulimsubiri Selina amalize kula. Ilichukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Tangu siku hiyo sikumtafuta tena mahali pengine.

Ulezi ukaiva. Tuliuvuna, tukauanika, tukaupiga. Selina alikuwa sasa anaoga, anavaa na kufunga viatu bila kushikwa, mradi mama asimame pale na swali lake. Hapo ndipo baba alipokuwa na shaka, na shaka yake haikuwa ya kipuuzi. Alimwambia mama, "Anajiweza ukiwa umesimama. Siku usiposimama je?" Akamwita shangazi, kama walivyopatana. Shangazi Yustina alifika na kikapu, akamletea Selina gauni jipya la kuondokea. Usiku ule ule mama akashikwa na malaria. Alitetemeka chini ya mablanketi yote ya nyumba, na hakuweza kuinua kichwa.

Kulipokaribia kucha nikasikia harufu ya moshi, kisha ya unga. Nilinyoosha mkono kitandani. Selina hakuwepo.

Nilipofika mlango wa jikoni, baba na shangazi walikuwa wameshafika. Selina alikuwa peke yake mbele ya mafiga aliyokatazwa. Kanga alikuwa ameifunga juu, mbali na moto, vile mama alivyofunga. Sufuria ilikuwa inachemka. Unga wa ulezi ulikuwa kwenye bakuli mkononi mwake. Naye alikuwa amesimama kimya, anaangalia ukuta.

Kidonge kilikuwa bado juu kabatini, ndani ya kopo. Kisingekuja kabla ya ugali. Maji yalimwagika, moto ukalia. Shangazi akapiga hatua aingie. Baba akamshika mkono.

"Dada, mwache."

"Ataungua, huyu."

"Mwache."

Sijui tulisimama muda gani. Nilimwona baba anafungua mdomo na kuufunga. Kutoka chumbani hakukuja sauti, maana mama alikuwa hajui hata kama kumekucha. Kisha Selina akasema, polepole, akijiuliza mwenyewe, "Kinafuata nini?" Akatazama bakuli mkononi. "Unga," akajijibu. Akamimina.

Alisonga kwa nguvu zake zote, ulimi nje. Akapakua. Akampelekea mama kwanza, ambaye hakuweza kula ila aliushika mkono wake na kuung'ang'ania. Akatuwekea sisi. Akala mpaka akashiba, akapanda kigoda, akashusha kopo, akameza kidonge chake na maji. Halafu akaenda kwenye benchi na kuanzia upande wa mlango. Sweta alilivaa nje ndani. Hakuna aliyemwambia.

Ugali ulikuwa umejaa madonge yenye unga mkavu katikati. Shangazi alikula tonge la kwanza akaligeuza mdomoni.

"Ndugu yangu, ugali huu una mawe."

"Tafuna," baba alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, na moshi haukuwa mwingi hivyo. Alikula kwanza akamaliza, ndipo akasema, "Umekuja vizuri, dada, lakini utarudi Kaengesa peke yako."

Sitadanganya kwamba baada ya hapo mambo yote yalinyooka. Selina alirudi shule akiwa amepitwa na wenzake, akamaliza la saba kwa shida, na sekondari hakwenda. Vidonge daktari alivipunguza kidogo kidogo mpaka akaviacha. Mchana bado unamshinda hadi leo. Ana meza yake sokoni ya unga wa ulezi, anaifunga jua likifika juu, na wateja wake wanajua kwamba anayechelewa atakuta amekwenda kulala. Baba alipofariki, Selina na mama walibaki wawili katika nyumba ile, na benchi.

Usiku wa kuamkia asubuhi ninayoisimulia, ndugu walikuwa wameanza kulizungumza. Nani atamchukua Selina, sasa mama hayupo. Wengine walisema mimi, wengine Kaengesa kwa wajukuu wa shangazi. Lilikuwa swali la baba, limerudi baada ya miaka yote ile, na safari hii kweli mwenye kusimama hakuwepo. Selina alikuwa amelala, ulikuwa usiku. Nilisema tu kwamba tumwulize yeye, nao wakasema tutaona asubuhi.

Nikafuta uso, nikatoka blanketini, nikaenda jikoni. Alikuwa amekaa mbele ya sufuria kubwa ya msibani, kanga imefungwa juu. Aliniambia nilete sahani. Nilileta. Tukawapakulia waombolezaji wote, ambao waliamka wakitegemea chai, wakatazamana, kisha wakanawa mikono.

Baba yetu mdogo alikata tonge, akakohoa kidogo kama anayefungua kikao. "Sasa," alianza, "kuhusu huyu Selina..."

Shangazi Yustina, ambaye sasa haoni vizuri na hutembea kwa kushikwa, alikuwa kando yake na tonge mkononi. Hakugeuza hata kichwa.

"Tafuna," alimwambia.

Akatafuna. Selina alikuwa ameshamaliza kula, ameelekea kwenye benchi, anaanzia upande wa mlango.